Soneti Haina Kibwagizo

Sisi tuliolelewa na shairi la Kiswahili, soneti ya Kiingereza haitutishi kwa sheria zake. Mishororo 14, vina vya kupishana, mizani ya kuhesabu: mbona hayo tumeyazoea! Anayeweza kupanga mizani 16 kwenye mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, vina vikae sawa na shairi lisiwe guni, hatashindwa na mizani 10 za Mwingereza. Ugumu uko kwingine.

Kwanza tuliangalie umbo. Soneti ilizaliwa Sicily, Italia, katika karne ya 13. Thomas Wyatt na Henry Howard, yule anayejulikana kama Surrey, waliiingiza Uingereza karne ya 16. Maneno ya Kiitaliano, kama yetu, karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo vina ni vya kuokota tu. Kiingereza hakina neema hiyo. Surrey akaigawa upya: beti tatu za mishororo minne, kila ubeti na vina vyake vya kupishana, halafu miwili ya mwisho yenye kina kimoja. Jumla vina saba. Shakespeare, ambaye soneti zake 154 zilichapwa mwaka 1609, ndiye aliyeachiwa jina la umbo hilo.

Halafu kuna mapigo. Silabi ya kwanza nyepesi, ya pili nzito, hivyo hivyo mara tano. Sasa Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukishapiga pigo la tano unabaki na silabi moja mkononi. Mimi naiacha hapo hapo. Mizani 11, basi. Hebu soma huu kwa sauti:

Kisima kile kina maji bado.

Umeyasikia mapigo matano? Huo ni mshororo wangu, na ulinichukua wiki tatu. Si kwa sababu ya mizani.

Shairi lenye kibwagizo hurudi pale pale. Kila ubeti unazunguka, unaleta ushahidi wake, kisha unakubaliana na kauli ile ile. Soneti inatakiwa igeuke. Mara nyingi hugeuka kwenye mshororo wa 9, au husubiri mpaka wa 13, na hapo mtunzi hana budi kusema kitu ambacho beti zilizotangulia hazikukisema.

Baba alipofariki niliandika shairi la beti saba kwa ajili ya arobaini yake. Kibwagizo kilisema alikuwa mtu wa watu. Ndugu walilipenda, na lilikuwa kweli. Ila kuna jambo halikupata nafasi mle: mwaka niliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada, baba alichukua fedha za mavuno akachimbisha kisima cha kijiji kizima.

Hilo nikalipeleka kwenye soneti. Ubeti wa kwanza, safari ya kurudi nyumbani na begi mgongoni. Wa pili, foleni ya ndoo za majirani, nao wanamshukuru. Wa tatu, hasira, bila adabu ya msibani. Nilipofika mshororo wa 13 nikakwama. Miwili tu ndiyo iliyobaki. Haikutosha kumsamehe kwa maneno mengi, na kumshtaki upya kungekuwa kibwagizo tena. Mwishowe ukaja ule mshororo wa kisima. Hausemi kwamba baba alikuwa na haki, wala haufuti ule mwaka. Unasema maji yapo, na mimi nikienda nyumbani nayanywa kama wengine.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu soneti, usianze na vina. Chagua jambo ambalo bado linabishana ndani yako. Kama tayari unajua utasema nini mwishoni, tunga shairi tu; kibwagizo kitakubeba vizuri.