Mnazi wa Kadzama, Haidromita na Gome la Mkandaa

Wasomaji wangu, ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi itasubiri kidogo. Mtaipata, msijali. Mwezi uliopita nilikuwa na mradi mwingine ambao tarehe yake ya mwisho haisogezwi: Jumamosi, saa nane mchana, Kisauni, nyumbani kwa wazazi wa mchumba wangu, na mnazi wa wazee mkononi.

Kwa wasio wa Pwani, nieleze. Kwetu Wagiriama mazungumzo ya mahari hayafunguliwi kwa midomo mikavu. Upande wa mwanamume huja na kadzama, yaani chombo cha mnazi wa wazee, na mpaka wazee waonje hakuna linalosemwa likahesabika. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagiriama miaka ya 1960, aliandika kitabu kilichotoka 1972 kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Minazi, tembo, na mashahidi. Aliyekunywa mnazi wako ndiye atakayesimama kesho kusema, "Nilikuwepo."

(Kwa njia, hili neno tembo linanichekesha kila mara. Ni mnyama, na ni kinywaji cha mnazi. Halafu George Hurst, mmoja wa walioanzisha kiwanda cha bia Nairobi mwaka 1922, akauawa na tembo mwaka 1923, na bia ikapewa jina la Tusker. Yaani tembo limetufuata mpaka kwenye chupa.)

Haya, turudi kwenye tatizo. Minazi ya ukoo wetu iko Kaloleni. Mimi nakaa Changamwe. Wakwe watarajiwa wako Kisauni. Mnazi utoke Kaloleni, uteremke Mazeras, uingie barabara kuu ya Nairobi pamoja na malori ya bandarini, upite Changamwe, uvuke Makupa, uzunguke kisiwani, uvuke daraja la Nyali ndio ufike. Siku njema ni saa mbili. Siku ya foleni, Mungu ndiye ajuaye. Na mnazi haungoji mtu.

Sababu ni hii. Mgema hufunga karara, hukata ncha yake kwa kotama asubuhi na jioni, na maji matamu hudondoka ndani ya kibuyu. Hayo maji yana sukari nyingi, na hamira ya mwituni imeshakaa humo kibuyuni ikisubiri. Hakuna anayeitia. Kwa hiyo kuchachuka kunaanza huko huko juu ya mti, kabla mgema hajapanda kuteremsha. Asubuhi ni mtamu na mwepesi, mchana una nguvu, jioni umekuwa mkali wa kukunja uso, na kesho kutwa ni siki ya kachumbari. Hamira inageuza sukari kuwa kileo, huku bakteria wa maziwa lala wakileta uchachu, na wale wa siki wanamalizia kazi. Mchakato mmoja, nyuzi tatu zinazokimbia pamoja, na hakuna kitufe cha kusimamisha.

Wazungu walikuwa na shida hiyo hiyo kwenye bia, wakaitatua kwa hopsi. Lile ua lina uchungu unaopinga utamu wa kimea, na uchungu huo huo unawazuia wengi wa bakteria wanaoleta uchachu. Ndiyo maana bia zilizopelekwa India kwa meli zilitiwa hopsi kwa wingi. Bia kali ya hopsi iliyotulia vizuri ni mizani: tamu huku, chungu kule, kileo katikati. Mnazi hauna hopsi. Mizani yake ni saa ya ukutani.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba Ufilipino wana mnazi wao, wanauita tuba, na sehemu nyingine za huko wanautia gome la mikoko lililosagwa. Linaupa rangi nyekundu na ukakasi, na linachelewesha uchachu. Mmoja wa mikoko wanayoitumia ni Ceriops tagal. Nilipoona jina hilo nilicheka peke yangu, maana Ceriops tagal ni mkandaa! Umejaa hapa Port Reitz, nyuma ya Changamwe yetu. Tumekaa na hopsi zetu mlangoni tukijengea nyumba. (Msiende kukata. Mikoko hukatwa kwa kibali. Mimi niliomba magome makavu kwa muuza boriti mwenye leseni, akanishangaa, akanipa bure.)

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nilifanya jaribio. Jerikeni tatu za lita tano kutoka mti mmoja, vifuniko vimelegezwa (ukikaza, jerikeni inavimba na abiria wa matatu wanakutazama vibaya). Ya kwanza mnazi mtupu. Ya pili ndani ya kasha la barafu la wauza samaki. Ya tatu na gome nililochemsha kwanza. Kila moja na kihisi joto cha DS18B20, data ikiingia kwenye kompyuta kila dakika tano, na haidromita kila saa.

Pale mtini saa moja asubuhi haidromita ilisoma 1.024. Ikifika saa nane mchana ule mtupu ulikuwa 1.006. Ule wa barafu 1.018. Ule wa gome 1.008. Nilikuwa nimepima pia maji mabichi yaliyokingwa kwenye chombo safi chenye barafu, yakasoma 1.056, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka ule mtupu ulikuwa na kileo zaidi ya asilimia 6. Tusker ni 4.2. Mnazi hauonekani hivyo kwa sura yake ya maziwa, na ndio maana wageni hudondoka.

Asubuhi ya pili ndipo nilipoona tofauti. Mtupu ulikuwa umeharibika kabisa. Wa gome ulikuwa unanyweka: una nguvu, uchachu wa mbali, na mwishoni uchungu unaobaki ulimini. Nilimpelekea baba mkubwa Kaloleni, kwa kuwa yeye ndiye mgema. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaonja, akanyamaza.

"Hiki chekundu ni nini, mwanangu?"

"Gome la mkandaa, baba. Linazuia uchachu. Ufilipino wanatia."

"Ni mzuri. Lakini wazee wa Kisauni wakikuuliza umetia nini, utawaambia Ufilipino?"

Hapo hapakuwa na haidromita ya kupimia. Kwetu mletaji huonja kwanza mbele ya watu, waone kwamba hakuna kitu ndani. Methali ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji kila mtu anaijua, na maji ni kitu kisicho na madhara. Sembuse gome. Mnazi wa kadzama ni ahadi kwamba ulichopewa ndicho kilichotoka mtini, na mimi nilikuwa naenda kuomba binti ya watu.

Basi tukakubaliana. Kadzama uwe mtupu. Nilichukua data ya lile jaribio nikapanga: barafu kutoka Kaloleni mpaka Changamwe, kisha nje ya kasha, mnazi uendelee kukomaa wenyewe kwa joto la mchana mpaka Kisauni. Wa gome tukautia kwenye jagi la pembeni, kwa atakayetaka, na utajwe kwa jina lake.

Jumamosi foleni ilikuwa Makupa, kama kawaida. Saa nane na robo tulikuwa barazani. Baba mkubwa akaonja kwanza, kisha akampa mjomba wa mchumba wangu, ambaye ndiye msemaji wao na mtu niliyeonywa kwamba hacheki. Alivuta kwa mrija, akatazama juu ya paa kitambo kirefu.

"Huu umegemwa leo," akasema.

Mazungumzo yakaanza. Yaliyosemwa na hesabu zake ni ya wenyewe. Yalipofika mahali pa kupumulia, mjomba akauliza lile jagi jekundu ni la nani. Nikaeleza yote, mkandaa, Ufilipino, bakteria. Akanusa. Akaonja. "Huu unauma kama maneno ya shemeji." Watu wakaangua kicheko, naye akasogeza kata ijazwe tena.

Linalonikaa moyoni ni jingine. Baba mkubwa amepita miaka 60 na anapanda minazi 11, mara mbili kwa siku, kwa vidato vilivyochongwa na marehemu babu. Wanawe hawapandi: mmoja ana bodaboda Mariakani, mwingine ni mlinzi Qatar. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikafika kidato cha sita. Hapo juu ya mti hakuna nakala ya akiba.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama vile vihisi vyangu vinaweza kukaa juu ya mnazi vikamwambia kibuyu gani kimejaa. Nikamjibu kwamba hata hivyo atapanda tu, maana ncha lazima ikatwe. Akasema anajua, yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Anachotaka ni kujua aanze na mti upi asubuhi, magoti yakiwa bado na nguvu.

Nimeagiza vihisi vinne vya uzito. Kinachonisumbua ni chumvi ya hewa na betri, na nani atakwenda kuvifunga huko juu.