Madaftari Yetu ya Picha: Barua kwa Mpwa Wangu Aliye Houston

Isevya, Tabora

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi. Anasema “Mwangaluka”, na anauliza kama huko Houston unakula ukashiba. Mvua zimekatika, masoko ya tumbaku yamefunguliwa, na malori hayaishi kwenye barabara ya Urambo.

Nimepata ujumbe wako wa sauti. Umenieleza jinsi baba wa rafiki yako alivyokufungulia boksi la kadi za besiboli alizokusanya utotoni, miaka ya themanini, akakusimulia na katuni alizozipenda wakati huo, He-Man na Transformers. Halafu ukaniuliza: “Mjomba, na ninyi Tabora mlikuwa na nini?” Swali hilo linataka karatasi, ndiyo maana nakuandikia. Tulikuwa na vyetu, mwanangu, na nataka uvijue kwa majina yake.

Nianze na katuni. Huku Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini, lakini sisi tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mwaka 1983, He-Man alipokuwa anaingia sebuleni kwa watoto wa Marekani, watoto wa Isevya tulikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni mbele ya duka la kampuni ya biashara ya mkoa, RTC. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni hazikuwepo, na bidhaa zilikuja kwa mgawo. Katuni zetu zilikuwa za karatasi, nazo zilifika kwa treni.

Katika gazeti la Uhuru kulikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Gazeti lenyewe lilitufikia limechelewa, baada ya kusafiri na reli kutoka Dar es Salaam, lakini kwa Chakubanga hakukuwa na jana wala juzi. Halafu kulikuwa na jarida la Sani. Humo ndimo alimokuwamo Ndumilakuwili na ujanja wake, Lodi Lofa, Kipepe, na Madenge, mtoto mtundu ambaye kila mmoja wetu alidai anamfahamu mtaani kwake. Nakala moja ya Sani ilizunguka nyumba kwa nyumba hadi jalada likachakaa. Mama yako ndiye aliyekuwa mchoraji wetu. Alikuwa ananakili sura za Sani kwa penseli nyuma ya karatasi za mtihani, na watoto wa Kanyenye na Gongoni wakawa wanakuja kumwomba awachoree. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolipa Sani sura yake, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana mdogo. Nakuandikia jina lake kwa makusudi. Baba wa rafiki yako anawajua waliotengeneza katuni zake. Nawe wajue wa kwetu.

Katuni nyingine tulizitazama kwa masikio. Babu yako alikuwa na redio ya National ya betri. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo zilipochoka hatukuzitupa. Tulizianika juani juu ya bati, pamoja na mpunga, na jioni zilipata nguvu kidogo za kututosha kipindi cha Mama na Mwana. Na siku za mpira ndiyo usiseme. Tulipanga vizibo vya soda chini, upande huu Simba, upande ule Yanga, na mtangazaji alipotaja mchezaji tulisogeza kizibo chake.

Mpira ndio uliotuletea kadi zetu. Mwaka 1979 Taifa Stars ilitoka sare na Zambia kule Ndola kwa bao la Peter Tino, na mwaka uliofuata ikaenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Mimi nilikuwa mdogo, lakini majina yale yalikaa midomoni mwetu miaka mingi: nahodha Leodegar Tenga, kipa Juma Pondamali “Mensah”, Omari Hussein “Keegan”, na baadaye Zamoyoni Mogella. Hakuna kampuni iliyowachapia watoto wa Tanzania kadi za wachezaji hao, hivyo tulijitengenezea.

Nikueleze tulivyofanya. Mama muuza vitumbua pale karibu na stesheni alifungia vitumbua vyake kwenye gazeti kuukuu. Tukishakula, tulilikunjua gazeti taratibu na kutafuta ukurasa wa michezo. Picha iliyoingia mafuta ilikuwa inapenya mwanga, ukimwangalia Pondamali anaruka unaona na maandishi ya ukurasa wa nyuma yakipita kifuani mwake. Tulikata kwa wembe wa babu yako uliokwisha makali, tukabandika kwenye daftari kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Picha safi, isiyo na mafuta, ilibadilishwa kwa picha mbili zenye mafuta. Picha yenye jina la gazeti la Jumapili, yaani Mzalendo, ilikuwa na heshima zaidi. Ubishi ulikuwa mwingi, lakini biashara ilikuwa ya haki, kwa sababu kesho ungekutana na mwenzako darasa lile lile.

Tulikusanya na pakiti za sigara. Tulizifumua, tukakata upande wa mbele, tukazitumia kama noti za mchezo. Sportsman zilikuwa nyingi. Embassy zilikuwa chache, basi Embassy moja ilinunua Sportsman kadhaa. Mpwa wangu, hapa ndipo kadi zako za Houston na pakiti zetu za Isevya zinapokutana, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Kadi za besiboli zilianza na tumbaku. Miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilikuwa zinaweka kadi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, kisha zikagundua kwamba picha ya mchezaji humrudisha mnunuzi dukani. Seti mashuhuri kuliko zote, iitwayo T206, ilitolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911. Zilikuwa chambo, nasi tusilifiche hilo, kwa sababu picha zile zilimvuta mtoto karibu na sigara. Na tumbaku hiyo hiyo ndiyo iliyotusomesha mama yako na mimi. Kule Urambo Waingereza walianza kulima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi ukawafia baada ya miaka michache, na tumbaku ikashika mahali pake. Wakati wetu majani yalikaushwa kwenye mabani kwa kuni za miombo, yakafungwa mitumba, yakapanda treni kwenda Morogoro kusindikwa, kisha kiwandani Chang’ombe, Dar es Salaam. Yalirudi Tabora yakiwa sigara ndani ya pakiti. Pakiti iliyookotwa na mtoto wa Isevya ilikuwa imebeba jani lililochumwa pengine na shangazi yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Uliniambia unataka kununua maboksi ya kadi za zamani uyaweke, ukitumaini yatapanda bei. Sikukatazi, fedha ni zako. Lakini jua kwamba mwaka 2022 kadi moja ya Honus Wagner ya seti ile ya T206 iliuzwa kwa dola milioni 7.25, na iliuzwa hivyo kwa sababu uchapaji wake ulisimamishwa mapema na zilizobaki ni chache mno. Zamani kabla ya hapo, miaka ya themanini na tisini, watu waliposikia kadi kuukuu zinauzwa ghali, wakaanza kununua kadi mpya kwa maboksi na kuzificha. Kampuni nazo zikachapa bila kipimo. Leo nyingi za miaka ile hazina thamani sokoni, kwa kuwa kila mtu alizitunza. Basi ukimwona baba wa rafiki yako anang’ara akizishika, ujue si kwa ajili ya fedha. Ni kwa sababu kila kadi anaijua: aliipata kwa nani, alitoa nini, walikuwa wapi. Kadi ikitenganishwa na habari hiyo inabaki karatasi.

Mji wetu unalijua jambo hili kuliko miji mingi, kwa sababu Tabora imeishi kwa vitu kupita mkono hadi mkono. Mpelelezi Burton alipofika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwaka 1857 alikuta shanga ndiyo sarafu ya njia, akaandika kwamba ziko za aina karibu 400, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa na watu wa mbele ulikaa njaa. Mvua kubwa ikinyesha, tulikuwa tunakwenda na mama yako Kwihara, karibu na tembe alilokaa Livingstone, kuokota shanga ndogo nyekundu zilizofukuliwa na maji. Tulizitunga kwenye uzi bila kujua zimetoka shehena ya nani.

Na hapo ndipo penye uchungu. Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo ya merikani kati ya hapa na Bagamoyo walikuwa maelfu kwa maelfu kila mwaka. Ni wangapi tunawajua kwa majina? Chuma na Susi, ingawa hawakuwa Wanyamwezi, tunawajua, waliobeba maiti ya Livingstone ikapita hapa Unyanyembe mwaka 1873 hadi ikafika pwani, kwa sababu kuna aliyewaandika. Wengine karibu wote wamekwenda na mizigo yao.

Kuna na sarafu yetu. Mwaka 1916, Wajerumani walipozibiwa bahari na Waingereza na fedha zikawaishia, walitengeneza sarafu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Za shaba zilikuwa nyingi. Ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba, ina tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Hizo za dhahabu zilipigwa kama 16,000 hivi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hugombea sarafu ile minadani. Mimi sijawahi kuishika, nimeiona pichani tu. Nimesoma maelezo yake mengi, uzito, kiwango cha dhahabu, tofauti za nakshi, na katika yote niliyosoma sijaona jina la kibarua hata mmoja wa Tabora aliyefanya kazi pale. Kitu kilichotengenezwa nyumbani kwetu kinazunguka dunia nzima, na habari za watu wetu hazimo ndani yake.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari langu la picha liliisha. Uji wa muhogo uliwaita panya, na walichobakiza kikachukuliwa na mchwa. La mama yako lipo. Bibi yako alilitia kwenye sanduku la bati chini ya kanga zake, na nimelifungua wiki hii kabla ya kukuandikia. Karatasi zimekuwa rangi ya chai. Chini ya kila picha, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, mama yako aliandika gazeti, mwezi na aliyempa. Chini ya Mogella ameandika kwamba alipewa na jirani yetu baada ya kumsaidia kubeba maji, na kwamba siku hiyo treni ya Kigoma ilichelewa hadi usiku. Jirani yule alikwisha fariki. Nyumba yake imevunjwa ikajengwa maduka. Mstari mmoja wa mtoto ndio uliomtunza mtaani kwetu. Hakuna mnada utakaolinunua daftari lile, nami nasema ndilo kusanyo bora kuliko la sarafu za tembo.

Basi kusanya, mpwa wangu. Kusanya kadi, stempu, tiketi za mechi, chochote moyo unachokipenda, kwa sababu mtoto anayekusanya anajifunza kutazama kwa makini, kungoja, kubadilishana kwa haki na kutunza. Lakini kila utakachokipata, andika siku hiyo hiyo kimetoka wapi, kwa nani na kwa nini ulikitaka. Mwombe na baba wa rafiki yako akusimulie boksi lake kadi kwa kadi, umwandikie kwa ajili ya mwanawe. Usiiachie kumbukumbu kazi ya kalamu.

Kisha anza na nyumbani. Bibi yako ana picha nyingi za karakana ya reli na za shuleni ambazo nyuma hazina neno, na katika familia yetu ni yeye peke yake anayewajua wote waliosimama pale. Nitazipiga kwa simu moja moja na kukutumia. Wewe utampigia kila Jumapili, saa ambazo huku ni jioni, umuulize ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na utaandika. Usiahirishe, mwanangu. Jumapili hii tunaanza, naye nimekwisha mwambia akusubiri.

Mungu akulinde, usome kwa bidii, na mama yako umpe salamu zangu.

Ni mimi mjomba wako,
Tabora