Mguu wa Pili

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu breki za gari zilitolewa upepo na watu wawili. Baba alilala chini ya gari na spana, na kijana wetu mkubwa alikaa kwenye usukani akisubiri amri. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Majirani walizizoea sauti hizo. Kisha kijana akaenda bweni kuanza kidato cha tano. Mama ni mkunga na zamu zake hazina saa, hivyo mguu wa pili ukakosekana.

Tukamkalisha binti yetu wa miaka minane. Alijitahidi kadiri ya urefu wa miguu yake, lakini mara moja aliachia kabla ya skrubu ya kutolea upepo kufungwa, na hewa ikafyonzwa ndani. Tuliona kwamba pedali imelegea kidogo. Tukajiambia kuwa itakaa sawa.

Jumamosi ile gari lilibeba watoto watano kwenda madrasa, wawili wetu na watatu wa majirani. Kwenye mteremko wa mtaani pedali ilizama hadi chini. Ilipokanyagwa tena na tena ikashika, na gari likasimama hatua chache kutoka kwa mama muuza maandazi. Watoto walicheka wakidhani ni mchezo. Sisi hatukucheka. Watoto wa watu ni amana, nasi tuliibeba amana hiyo huku tukijua kuwa breki zina kasoro. Jioni tulikwenda kwa wazazi wao, nyumba kwa nyumba, tukawaeleza yote. Binti yetu naye tulimwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Maelezo yake ni mepesi. Mafuta ya breki hayabonyezeki, hivyo nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Hewa hubonyea, na nguvu ile huishia humo. Aidha, mafuta hayo hunyonya unyevu. Ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishiba maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na yakichemka huzaa mvuke unaolegeza pedali vilevile. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Kwa hiyo tulitafuta kifaa cha mtu mmoja, na tukapima njia tatu. Ya kwanza ni mpira wenye vali ya njia moja, unaoishia ndani ya chupa. Ni rahisi kuliko vyote, lakini anayekanyaga haoni chini ya gari. Isitoshe, akisahau kuongeza mafuta, kikombe hukauka na hewa huingia upya. Ya pili ni pampu ya mkono inayovuta mafuta kutoka gurudumuni. Hiyo hufanya kazi, ila hewa ya nje hupenya kwenye hesi za skrubu iliyolegezwa, na mapovu yake humfanya mtu asijue kama kazi imekwisha. Ya tatu ni tangi dogo la pampu, mfano wa bomba la kupulizia dawa shambani. Hufungwa juu ya kikombe cha mafuta na kuyasukuma taratibu kuelekea magurudumuni.

Tulichagua la tatu kwa sababu pedali haiguswi kabisa. Sharti la kwanza ni kifuniko kinachokaa sawasawa kwenye kikombe cha gari lako. Nusura tununue kisichotufaa. Sharti la pili ni kujaribu kwanza kwa upepo mtupu, kwani mafuta yakivuja hubabua rangi ya gari. Paundi 10 hadi 15 kwa inchi ya mraba zinatosha, chini ya nusu ya upepo wa tairi. Mafuta yawe ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kutoka chupa ambayo haikuwahi kufunguliwa, na yaliyotoka yasirudishwe. Mpangilio wa magurudumu nao ufuate kitabu hicho. Baadhi ya magari yenye ABS huhitaji mashine ya fundi ili hewa itoke yote. Hapo mtu asione haya kwenda gereji.

Kijana alipokuja likizo alikuta baba yake anafanya kazi ile peke yake, kimya. Akasimama akitazama, kisha akauliza, "Baba, kumbe mguu wangu hauna kazi tena?"

Tukamwambia akae kwenye usukani. Kazi ikiisha, injini huwashwa, mmoja akakanyaga kwa nguvu na kushikilia, na mwingine akakagua kila skrubu kama inavuja. Mtu mmoja hawezi kuwa pande zote mbili, na tangi letu, pamoja na uzuri wake, halijui kukanyaga.

"Shikilia," baba alisema kutoka chini. Kijana akashikilia. Pedali ilikuwa ngumu, wala haikuzama. Ndipo tulipokwenda kwa majirani kuwauliza kama bado wanaridhia watoto wao wapande nasi Jumamosi.