Kisiwa chenye majina ya waliokimbia njaa Ayalandi

Boti inaondoka Berthier-sur-Mer asubuhi ikiwa na watalii, wanafunzi na familia chache zilizobeba maua. Mto Saint Lawrence ni mpana sana hapa, mgeni unaweza kudhani uko baharini. Kando yangu amekaa mama mwenyeji wangu, mwenye miaka 71, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake mna karatasi alizozikusanya kwa miaka 6.

Nilikuwa Quebec, Kanada, kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari za afya, na familia yake ndiyo iliyonipokea. Siku ya kwanza nilishangaa mezani. Mama huyu anaongea Kifaransa na anasali kwa Kifaransa, lakini jina lake la ukoo ni la Kiayalandi.

"Hilo jina alikuja nalo mtoto mmoja melini," aliniambia. "Hakuwa na kitu kingine."

Mtoto huyo ndiye baba wa babu yake. Alikuwa na miaka 6.

Kisiwa tunachokwenda kinaitwa Grosse Île, kilomita 48 hivi kutoka mji wa Quebec, upande mto unakoelekea baharini. Kituo cha karantini kilifunguliwa hapa mwaka 1832 kwa hofu ya kipindupindu, kikafungwa mwaka 1937. Mwaka unaokumbukwa kuliko yote ni 1847.

Miaka miwili kabla ya hapo, ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya viazi Ayalandi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni wakaikimbia nchi. Meli zilizokuwa zikipeleka mbao Ulaya zilihitaji mzigo wa kurudi nao Kanada, zikawabeba watu kwa nauli ndogo, wakiwa wamebanana chini ya sitaha kwa wiki nyingi.

Walipofika walikuwa na taifasi. Usiichanganye na taifodi tunayoijua. Taifasi huenezwa na chawa wa mwilini, lakini wakati ule hakuna aliyejua. Mfaransa Charles Nicolle ndiye aliyethibitisha hilo, mwaka 1909. Madaktari wa 1847 walidhani tatizo ni hewa chafu. Mwisho wa Mei meli zipatazo 40 zilikuwa zimepanga foleni mtoni, wazima na wagonjwa wakisubiri pamoja, na chawa wakihama kutoka nguo hadi nguo. Mwaka ule zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwani. Mmoja wa wa kwanza kufa alikuwa Ellen Kane, mtoto wa miaka 4.

Nimeandika habari za milipuko ya magonjwa mara kadhaa, na huwa nahesabu wagonjwa na vifo. Makaburini Grosse Île hesabu ilinishinda. Ardhi ina matuta marefu yaliyofunikwa na majani, kwa sababu watu walizikwa katika mitaro. Ukitazama, unaona mtaro unakoanzia na unakoishia.

Tulikaa kwenye benchi, mama akafungua mfuko wake. Alinieleza kosa lake la kwanza: alianzia Ayalandi. Aliandika jina la ukoo kwenye kompyuta, akapata maelfu ya watu. Ndipo rafiki alipomshauri aanzie kwake mwenyewe na kurudi nyuma hatua kwa hatua: cheti chake cha kuzaliwa, cha baba yake, cha babu yake.

Sensa za zamani za Kanada, kuanzia ya 1851, zinapatikana bure mtandaoni. Alimpata mzee wake katika ya 1871, akiwa na mke na watoto. Mahali pa kuzaliwa karani aliandika neno moja tu, Ayalandi. Orodha za abiria hazikumsaidia, kwa kuwa zile za bandari ya Quebec zimehifadhiwa kwa mpangilio tangu 1865 tu. Za kabla ya hapo ni chache mno.

Kilichomfungulia mlango ni kitabu cha ndoa cha parokia. Mapadri wa Quebec walikuwa na desturi ya kuandika majina ya wazazi wa bwana na bibi harusi, pamoja na ukoo wa mama. Katika ndoa ya mzee wake, mwaka 1866, imeandikwa kuwa ni mwana wa marehemu baba yake na marehemu Bridget, wa parokia fulani ya Ayalandi. Ila padri alikuwa Mfaransa, akaliandika jina la parokia alivyolisikia. Mama alinionyesha nakala. Tulilisoma kila mmoja kwa namna yake.

Bila jina hilo, safari inaishia hapo. Sehemu kubwa ya sensa za Ayalandi za 1821 hadi 1851 iliungua Dublin mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilinusurika vingi kwa sababu vilikuwa parokiani, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka mtandaoni bure. Lakini vimepangwa kwa parokia. Usipojua parokia, utafungua ipi?

"Kaka yangu alikuwa analijua," mama akasema. "Babu alimtajia kijiji, alikuwa anamwimbia kabisa. Mimi nilikuwa mdogo. Baadaye nikawa na kazi, watoto. Nikasema nitamuuliza Krismasi."

Kaka yake sasa ana miaka 83 na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mama alipomuuliza, alitabasamu akaomba chai.

Karibu na makaburi kuna ukuta wa vioo uliozinduliwa mwaka 1998, umeandikwa majina ya waliokufa. Mama alitembea taratibu, kidole juu ya kioo. Akamkuta Bridget mwenye jina la ukoo wake. Hatua chache mbele akamkuta mwingine. Akasimama katikati yao, akaweka maua chini pale katikati.

"Huenda ni huyu, huenda ni yule," akasema. "Wote walikuwa mama wa mtu."

Watoto wengi waliobaki yatima walichukuliwa na familia za Kifaransa za Quebec, na baadhi waliachiwa majina yao ya ukoo. Familia iliyomlea mtoto yule wa miaka 6 ingeweza kumpa jina lake. Haikufanya hivyo, na ndiyo sababu mjukuu wa mwanawe alikuwa na pa kuanzia.

Kwenye boti ya kurudi mama aliniuliza babu yangu alizaliwa kijiji gani. Nilitaja wilaya. Akatikisa kichwa. "Nimekuuliza kijiji."

Usiku ule, nyumbani kwetu kukiwa kumeshakucha, nilimpigia mama simu. Baada ya salamu nilimwomba ampe babu simu, nikachukua kalamu.