Mtoto Akikawia Kusema

Mtoto akikawia kusema, wengi wetu hapa Mara husema, "Mwacheni, hata babaye alichelewa." Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au humpeleka kwa mkata vimeo. Mimi ni karani wa parokia, tena nilisomea ualimu. Naeleza yaliyotukuta nyumbani kwetu, huenda yakamfaa mzazi mwingine.

Dada yangu anakaa Bunda. Mwanawe wa mwisho alitimiza miaka 3 akiwa na maneno 5 tu, nayo mama yake peke yake ndiye aliyeyaelewa. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huunga maneno mawili, kama vile "mama maji." Majirani walilaumu lugha: ndani Kijita, kwa jirani Kisukuma, njiani Kiswahili. Lakini lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Watoto wa Mara wamekua hivyo tangu zamani, nao wanasema. Kukata kimeo nako hakuleti maneno. Huleta damu na vidonda, na pengine mauti.

Dada akasema, "Kaka, twende Mwanza kesho." Nikamjibu, "Ngoja, dada, tuulize kwanza." Tukaanzia zahanati, tukapewa barua ya kwenda hospitali ya Musoma kupimwa masikio. Hilo ndilo jambo la kwanza, maana mtoto huiga anachosikia. Sikio moja lilikuwa na usaha wa siku nyingi, likatibiwa. Daktari akasema kwamba mtoto anahitaji pia mtaalamu wa kufundisha usemi. Wataalamu hao ni wachache mno nchini, na wengi wako Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu.

Likaja suala la fedha. Dada aliomba tutumie kadi yangu ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mfuko huo, ulioanza kazi mwaka 2001, humtambua mwanachama, mwenzi wake na wategemezi waliotajwa katika sheria, mpwa hamo. Shemeji akauliza, "Je, ukimwandika kama mwanao?" Nilikataa, ingawa nampenda mtoto yule. Huo ni wizi, tena kitabu cha ubatizo ninachokiandika kwa mkono wangu kingenisuta.

Baba mmoja wa Butiama alipanda basi hadi Mwanza akiwa na kadi mkononi. Alipofika akaambiwa mafunzo ya usemi hayamo katika kadi yake. Akarudi na mtoto vile vile, nauli imekwisha.

Basi, wazazi, kabla ya kukata tiketi ulizeni haya. Je, mtaalamu yupo, na siku gani? Je, hospitali ile inapokea kadi yenu? Je, kadi inalipa mafunzo ya usemi au kumwona daktari tu, na kwa mara ngapi? Je, barua ya rufaa inatakiwa? Jina la mtoto katika kadi na katika cheti cha kuzaliwa ni moja? Msitegemee habari za zamani, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na taratibu zinabadilika. Andikeni jibu, pamoja na jina la aliyelitoa.

Wakati tunachanga nauli, kazi inaendelea Bunda. Dada humtazama mtoto usoni, hutaja kila kitu anachokishika, kisha humngoja ajibu. Hamlazimishi, wala hawaachi kaka zake wamcheke. Majuzi alisema, "Mjomba kuja." Ni maneno mawili tu, lakini tulifurahi sana.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Msimfiche mtoto ndani kwa aibu, wala msingoje aanze shule. Mpelekeni akapimwe masikio mwezi huu.