Adabu ya Kutouliza

Waswahili tunaoishi Sterling, Virginia, jirani na uwanja wa ndege wa Dulles, tuna adabu moja tuliyokuja nayo: ndugu akikuomba mfanye kazi pamoja, humuulizi itakuwa mali ya nani. Ukiuliza, unaonekana humwamini. Adabu hiyo inafaa harusini na matangani. Kwenye kampuni ya programu ina hatari zake, na kilichonifungua macho ni kesi ya sanamu.

Mwaka 1985, Community for Creative Non-Violence, jumuiya ya Washington inayotetea watu wasio na makazi, ilimwagiza mchongaji wa Baltimore, James Earl Reid, sanamu ya familia isiyo na nyumba: baba, mama na kichanga, wamejikunyata juu ya wavu wa chuma unaofuka mvuke barabarani. Reid hakudai ujira. Gharama tu, zisizidi dola 15,000. Hawakuandikiana mkataba, wala hakuna aliyetaja hakimiliki. Watu wa jumuiya walipita karakanani kutazama na kushauri. Reid alitaka mizigo ya familia ikae kwenye masanduku au mifuko. Wao wakashikilia iwe toroli ya dukani. Ikawa toroli. Sanamu ikafika Washington tarehe 24 Desemba.

Ugomvi ulikuja baadaye. Kiongozi wa jumuiya, Mitch Snyder, alitaka kuizungusha mijini kuchangisha fedha. Reid akasema haitahimili safari. Kila upande ukaenda kusajili hakimiliki kwa jina lake.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1989, majaji wote kwa kauli moja. Hukumu aliiandika Thurgood Marshall, yule yule aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Kutoa wazo na maelekezo, hata lile la toroli, hakukuifanya jumuiya kuwa mwajiri, ambaye kisheria ndiye mwenye hakimiliki ya kazi ya mwajiriwa wake. Reid alitumia vifaa vyake na karakana yake, wala hakuwamo kwenye orodha ya mishahara.

Programu nayo huangukia hapo hapo. Ukimlipa fundi wa nje bila hati yenye saini yake inayokuhamishia hakimiliki, huenda ukawa na ruhusa ya kuitumia kazi, lakini umiliki ukabaki kwake. Unaweza kuishi hivyo miaka bila kujua, mpaka atokee mtu wa kuinunua kampuni, naye aombe kuona karatasi.

Kwetu sisi kuna fundo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakwenda kinyume: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Kimya kile kile kinampa mwagizaji akiwa Nairobi, na kinamwachia fundi akiwa Virginia. Je, fundi akiwa Nairobi na mwagizaji Sterling? Mawakili watabishana sheria ya nchi ipi itumike, na saa zao hulipiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa habari huja, tena huja na ankara.

Rafiki yangu mmoja aliagiza programu ya kufuatilia mizigo kwa kijana wa Nairobi anayemwita mdogo wake. Akawa anasitasita kumpelekea hati.

“Ataona namshuku,” aliniambia.

“Kwani kaka, yeye mwenyewe anataka nini?”

Hakujua. Kwa muda wote walioongea kwa simu, wakijuliana hali za wazazi na bei za unga, hilo halikuwahi kutajwa. Kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake kwa kumbunia.

Mwishowe hati ilikwenda, ikarudi na sentensi moja imeongezwa. Kijana hakutaka hisa. Alitaka ile sehemu ya kuingilia kwa nywila, aliyoitengeneza zamani, ibaki yake ili aendelee kuitumia kwa wateja wengine. Rafiki yangu alikuwa amejiandaa kumkatia asilimia 10 ya kampuni.