Mji wa Tomaso

Tukimtaja mtume Tomaso katika mahubiri yetu, mara nyingi tunamtaja kwa lawama: Tomaso mwenye shaka. Wakristo wa Chennai, kusini mwa India, hawaanzi hapo. Kwao Tomaso ni baba wa imani. Mapokeo yao yanasema alifika pwani ya Kerala mwaka 52, akahubiri, akavuka hadi pwani ya mashariki, akauawa kwa mkuki mwaka 72 karibu na Mylapore, ambayo leo ni sehemu ya mji huo. Yule aliyesema hataamini mpaka aguse makovu ndiye wanayemkumbuka kwa kuvuka bahari na kuwaletea Injili.

Niliishi Chennai wiki saba mwaka 2013. Sikwenda kutalii. Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na ugonjwa wa vali ya moyo uliotokana na homa ya utotoni. Wakati ule wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wakipelekwa India. Ndugu waliuza ng'ombe wawili, usharika ukachanga, nami nikaandamana naye.

Chennai ni makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, kando ya Ghuba ya Bengal. Hadi mwaka 1996 iliitwa Madras. Mtu wa pwani yetu hatashangaa sana akifika: joto lenye unyevu, minazi, bajaji za njano zinazopenya kila mahali, na wanawake wenye maua ya asumini nyweleni. Asubuhi watu hula idli, vitumbua vyeupe vya mchele na dengu vinavyopikwa kwa mvuke, pamoja na kahawa ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu. Jioni mji mzima huhamia ufuko wa Marina. Huko huuzwa mahindi ya kuchoma, na embe mbichi zilizokatwa na kupakwa chumvi na pilipili. Mdogo wangu alipoziona alicheka. "Kaka, kumbe tumepanda ndege kuja kula embe za Coco Beach!"

Usiku wa kuamkia upasuaji hakucheka. Nilipofungua kitabu nimwombee, aliniwekea mkono. "Kaka, leo usiniombee maombi ya ibadani. Niambie tu, nisipoamka itakuwaje?"

Nilimwambia kwamba aliyemshika siku ya ubatizo hatamwachia kesho. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Naamini. Lakini ningependa nione angalau kitu."

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Akaamka, ila alikaa siku kadhaa katika chumba cha uangalizi maalumu, na ndugu waliruhusiwa kumwona kwa dakika chache tu. Saa zilizobaki zilikuwa ndefu, nikawa nazunguka mjini. Nilikwenda San Thome, kanisa jeupe la Kikatoliki ambalo jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1896, juu ya mahali panapoaminika kuwa kaburi la mtume. Si mbali na hapo lipo hekalu la Kihindu la Kapaleeshwarar, na mnara wake umejaa sanamu za rangi. Siku nyingine nilipanda Mlima wa Tomaso, karibu na uwanja wa ndege. Ni kilima kifupi chenye ngazi zaidi ya 130, na juu yake kuna kanisa dogo lililojengwa na Wareno mwaka 1523. Ndani umo msalaba wa kale uliochongwa katika jiwe.

Niliketi juu ya kilima nikafungua Yohana sura ya 20. Nimeihubiri sura ile kila baada ya Pasaka. Siku ile niliona jambo moja tu: Bwana hakumpa Tomaso hoja. Alimpa mikono yake na ubavu wake. Mwili uliofufuka ulikuwa bado na makovu, na kwa makovu hayo ndipo Tomaso alipomtambua Bwana wake na Mungu wake.

Mdogo wangu aliporudishwa wodini, alifungua vifungo vya shati. Mshono ulishuka katikati ya kifua chote. "Kaka, sogea usikie." Nikatega sikio. Vali mpya ilikuwa ikigonga taratibu, kama saa ya mkononi.

Hospitali ilipomruhusu tukae karibu kwa matibabu ya nje, nilipata siku mbili za kwenda Tharangambadi, zaidi ya kilomita 250 kusini mwa Chennai. Mama mmoja wa Kizanzibari, aliyekuwa akimuuguza mumewe katika nyumba tuliyopanga, ndiye aliyenisukuma. "Nenda baba, huyu ni mwanangu, nitamwangalia."

Tharangambadi ni mji mdogo wa wavuvi wenye ngome ya Wadenmarki ufukoni. Hapo Bartholomäus Ziegenbalg na mwenzake Heinrich Plütschau waliteremka Julai 1706, wamisionari wa kwanza wa Kilutheri nchini India. Ziegenbalg alijifunza Kitamil akikaa na watoto wa shule, akiandika herufi mchangani. Gavana wa Kidenmarki alimfunga gerezani miezi minne. Agano Jipya kwa Kitamil lilichapishwa mwaka 1715. Mwaka 1719 alifariki, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga, ambalo bado lina ibada. Katika karne ya 19 kazi ile ilipokelewa na Misheni ya Leipzig, ile ile iliyotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893. Nilisimama kando ya kaburi lake nikijua kwamba shirika lililowalea Walutheri wa pale ndilo lililombatiza babu yangu mzaa baba.

Mdogo wangu anafundisha hadi leo, na kila siku anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Wapo tuliowafahamu kule ambao hawakurudi, nao waliombewa kama yeye. Sina maelezo ya jambo hilo, na Yohana 20 haitoi maelezo.

Mpendwa msharika, ukikaa kando ya kitanda cha mgonjwa naye akakuuliza swali gumu, usiharakishe kumkemea kwamba hana imani. Huenda ni Tomaso, na safari yake bado ni ndefu. Kaa naye. Mwonyeshe Kristo mwenye makovu. Na kama wewe mwenyewe ndiye unayeuliza, uliza ukiwa pamoja na wenzako, maana Tomaso naye alikuwa pamoja nao chumbani Bwana alipokuja.